Mkunjo si Mafuta: Elimu ya Miamba na Utafutaji wa Mafuta katika Milima ya Zagros

Utangulizi

Tarehe 28 Mei 1901, Mfalme wa Uajemi, Mozaffar ad-Din Shah, alitia sahihi mkataba uliompa William Knox D'Arcy haki ya kutafuta, kuchimba na kuuza mafuta kwa muda wa miaka 60. D'Arcy alikuwa tajiri wa Kiingereza aliyechuma mali yake katika dhahabu ya Australia. Eneo lililohusika lilikuwa takriban nchi nzima, isipokuwa mikoa mitano ya kaskazini. Malipo yalikuwa pauni 20,000 taslimu, hisa za thamani kama hiyo, na asilimia 16 ya faida halisi ya kila mwaka.

Wakati huo hakuna upande uliokuwa na hakika kwamba mafuta ya kutosha yangepatikana. Hata hivyo, pande hizo mbili hazikuwa sawa katika maarifa. Ripoti ya Mfaransa Jacques de Morgan, iliyochapishwa mwaka 1892, ilikuwa imekwisha kueleza dalili za mafuta magharibi mwa Uajemi, nayo ilitumiwa kumshawishi D'Arcy atoe mtaji wake. Ripoti hiyo iliandikwa kwa Kifaransa. Wachungaji wa milima iliyoelezwa humo, ambao waliijua harufu ya mafuta hayo tangu enzi za mababu zao, hawakuisoma.

Makala hii inanuia kueleza jiolojia ya mafuta katika milima hiyo, yaani safu ya Zagros, ambayo ni mfano mashuhuri zaidi duniani wa bonde la mafuta lililomo ndani ya milima ya kunjamano. Hoja yake ni moja: mkunjo wa miamba, hata uwe mkubwa na wa kuvutia kiasi gani, si ushahidi wa mafuta. Mafuta hupatikana pale tu ambapo masharti kadhaa yametimia kwa pamoja na kwa mpangilio unaofaa. Aliye na maarifa hayo huweza kupima ahadi anayopewa. Asiye nayo hubaki kuamini au kukataa tu.

Jamvi lililosukumwa: namna Zagros ilivyoumbwa

Safu ya Zagros ina urefu wa takriban kilomita 1,800. Inaanzia kusini-mashariki mwa Uturuki na kaskazini mwa Iraq, inapita magharibi na kusini mwa Iran, hadi karibu na Mlango wa Hormuz. Mtu anayeitazama kutoka angani huona migongo mirefu ya mawe iliyolala sambamba, mfano wa nyangumi wengi waliojipanga juu ya maji. Kila mgongo ni mkunjo wa miamba.

Asili ya migongo hiyo ni bahari iliyotoweka. Kwa mamia ya mamilioni ya miaka, ukingo wa kaskazini-mashariki wa bara la Arabuni, ambalo zamani hizo lilikuwa sehemu ya Afrika, ulifunikwa mara kwa mara na maji ya bahari yenye kina kifupi. Wanajiolojia huiita bahari iliyokuwa mbele yake Tethys. Matope, mchanga, makombe ya viumbe na chumvi vilitua sakafuni tabaka juu ya tabaka, hadi katika baadhi ya sehemu unene wake ukapita kilomita 10. Tabaka hizo ndizo miamba ya mashapo.

Baadaye bahari ya Tethys ilifungika. Gamba la dunia limegawanyika katika mabamba makubwa yanayosonga polepole, na bamba la Arabuni lilisonga kaskazini likagongana na bamba la Ulaya na Asia. Mgongano huo ulianza zaidi ya miaka milioni 20 iliyopita, na mikunjo tunayoiona leo iliumbwa hasa katika miaka milioni 15 ya mwisho. Mwendo huo haujakoma. Hadi leo Arabuni husogea kuelekea kaskazini kwa takriban sentimita 2 kila mwaka, na sehemu ya mwendo huo humezwa na milima ya Zagros. Tetemeko la tarehe 12 Novemba 2017 katika mpaka wa Iran na Iraq, lililofikia kipimo cha 7.3 na kuua zaidi ya watu 600, lilikuwa tokeo la mgongano huohuo.

Kwa nini tabaka zilijikunja kwa mpangilio badala ya kuvunjikavunjika ovyo? Mfano wa jamvi unafaa hapa. Jamvi lililotandikwa juu ya sakafu laini likisukumwa upande mmoja hadi likwame ukutani, hujikunja na kufanya matuta yanayofuatana. Jamvi hilohilo likiwa limegandamana na sakafu, halitajikunja kwa wepesi. Katika sehemu kubwa ya Zagros, sakafu hiyo laini ni chumvi ya Hormuz, tabaka la kale la zaidi ya miaka milioni 500 lililo chini kabisa ya mashapo. Chumvi ikigandamizwa kwa muda mrefu hutiririka mfano wa ugali mwepesi. Kwa hiyo, tabaka za juu ziliteleza juu yake na kujikunja.

Masharti matano

Mafuta hayakai chini ya ardhi kama maji ya ziwa ndani ya pango. Hukaa ndani ya vitundu vidogo na nyufa za mwamba, kama maji yanavyokaa ndani ya sifongo. Ili yapatikane kwa wingi, masharti matano hayana budi kutimia.

Sharti la kwanza ni mwamba mzazi. Huu ni mwamba uliotokana na matope yaliyojaa mabaki ya viumbe vidogo vya majini, yaliyotua mahali penye uhaba wa oksijeni hivi kwamba mabaki hayo hayakuoza yakaisha. Mwamba huu lazima uive. Neno hili la jikoni linafaa sana, kwa kuwa kinachotokea ni mapishi hasa. Mwamba ukizikwa kwa kina cha kilomita 2 hadi 4 hivi, joto lake hufikia kati ya nyuzi 60 na 120 za selsiasi, na mabaki yale hugeuka kuwa mafuta. Ukizikwa kwa kina kidogo, hubaki mbichi. Ukizidi kuzikwa na joto likapanda sana, mafuta huvunjika yakawa gesi. Ukipita hapo huwa umeungua, na haubaki na cha kutoa.

Sharti la pili ni mwamba hifadhi, wenye vitundu au nyufa za kuyapokea mafuta na kuyaruhusu yapite. Sharti la tatu ni mwamba kifuniko, usiopitisha mafuta wala gesi. Mafuta ni mepesi kuliko maji yaliyojaa ndani ya miamba, hivyo hupanda juu daima. Yasipokutana na kifuniko hufika juu ya ardhi na kupotea.

Sharti la nne ni mtego, yaani umbo la miamba linaloyazuia mafuta yasiendelee kupanda wala kupenya pembeni. Mkunjo uliopinda kama mgongo ni mtego mzuri: mafuta hukusanyika kileleni mwake chini ya kifuniko, mfano wa moshi unaokusanyika chini ya paa la msonge usio na tundu.

Sharti la tano ni wakati. Mtego lazima uwepo kabla mafuta hayajamaliza kuhama kutoka katika mwamba mzazi. Mkunjo ulioumbwa baada ya mafuta kupita ni kama mgema aliyetega kibuyu chake baada ya tembo kwisha kutiririka. Aidha, mtego uliojaa ukavunjwa baadaye na tetemeko au mmomonyoko hubaki mtupu.

Masharti haya hayajumlishwi, bali huzidishwa. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba kila sharti lina nafasi 8 kati ya 10 ya kutimia. Msikilizaji anaweza kudhani kwamba mradi wote una nafasi 8 kati ya 10. La hasha! Ukizidisha 0.8 mara tano, utapata takriban 0.33. Kwa maneno mengine, hata pale ambapo kila jambo linaonekana kuwa jema likitazamwa peke yake, visima viwili katika kila vitatu vitatoka vikavu.

Dezful: mahali masharti yalipokutana

Sehemu kubwa ya mafuta ya nchi kavu ya Iran imo katika eneo la Dezful, kusini-magharibi mwa Zagros, katika mkoa wa Khuzestan na viunga vyake. Humo ndimo yalimo mashamba ya mafuta ya Ahvaz, Marun, Gachsaran, Agha Jari na Masjed Soleyman. Siri ya utajiri huo ni kwamba masharti matano yalitimia hapo kwa namna ya pekee.

Mwamba mzazi mkuu huitwa Kazhdumi. Ni matope meusi yaliyotua baharini zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita, yenye wingi wa mabaki ya viumbe. Juu yake yapo mawe ya chokaa ya kundi la Bangestan, ambayo ni hifadhi, na juu zaidi yapo mawe ya chokaa ya Asmari, yaliyotua kati ya miaka milioni 34 na 16 hivi iliyopita, ambayo ndiyo hifadhi maarufu kuliko zote. Unene wa Asmari ni mamia ya mita. Vitundu vyake si vingi sana, lakini ulipokunjwa ulipasuka ukapata nyufa nyingi, na nyufa hizo ni njia pana za mafuta. Ndiyo maana baadhi ya visima vya eneo hilo viliweza kutoa makumi ya maelfu ya mapipa kwa siku, kiasi ambacho ni nadra kwa kisima kimoja mahali pengine.

Juu ya Asmari limelala tabaka la Gachsaran, mchanganyiko wa chumvi, jasi na udongo mgumu. Hiki ndicho kifuniko. Mwamba wa kawaida ukikunjwa hupasuka, na mpasuko ni tundu la kupenyea. Chumvi, kwa sababu hutiririka, huziba mipasuko yake yenyewe. Nguvu ileile iliyoipasua hifadhi haikukitoboa kifuniko sana. Mwamba uliohitaji kuvunjika ulivunjika, na ule uliohitaji kusalia mzima ulisalia mzima.

Jambo la mwisho ni wakati. Uzito wa mashapo yaliyomomonyoka kutoka milima michanga uliizika Kazhdumi ndani zaidi, ikaiva katika miaka milioni chache iliyopita, takriban wakati uleule mikunjo ilipokuwa ikiinuka. Mafuta yalipanda moja kwa moja kupitia nyufa hadi Bangestan na Asmari, yakakuta mitego tayari. Mpishi, chungu na mkungu vilifika jikoni kwa pamoja.

Kile ambacho mlima huficha

Mtu angeweza kuhitimisha kwamba katika milima ya kunjamano kazi ya mtafutaji ni rahisi: atafute mgongo mrefu, apande kileleni, achimbe. Historia ya utafutaji wenyewe inapinga hitimisho hilo.

Baada ya mkataba wa 1901, mhandisi George Reynolds alipewa kazi ya kuchimba kwa niaba ya D'Arcy. Alianzia Chiah Surkh, karibu na mpaka wa Iraq ya leo. Mafuta yalionekana, lakini hayakutosha kugharimia usafirishaji wake. Fedha za D'Arcy zilipokaribia kwisha, kampuni ya Burmah Oil iliingia mwaka 1905 na kazi ikahamishiwa kusini. Visima vya mahali palipoitwa Mamatain vilitoka vikavu. Hatimaye mitambo ilikokotwa hadi Masjed Soleyman, jina linalomaanisha Msikiti wa Suleimani, mahali penye magofu ya kale na michirizi ya mafuta. Wakurugenzi walikuwa wamekwisha kukata tamaa na kuandika maagizo ya kusitisha kazi, wakati mafuta yaliporuka kutoka kina cha takriban mita 360, alfajiri ya tarehe 26 Mei 1908. Mwaka uliofuata, Kampuni ya Mafuta ya Uingereza na Uajemi iliundwa.

Ugumu mmoja ulitokana na kile kifuniko kilichosifiwa hapo juu. Chumvi ya Gachsaran hutiririka, kwa hiyo haikukunjwa kwa umbo sawa na Asmari iliyo chini yake. Katika sehemu nyingi za Dezful, kilele cha mkunjo unaoonekana juu ya ardhi hakiko juu ya kilele cha mkunjo uliofichika. Kinaweza kuwa kando kwa umbali wa kilomita kadhaa. Aliyechimba akifuata umbo la mlima peke yake aliweza kukosa shabaha kabisa. Ilibidi wanajiolojia wabuni njia za kuona chini ya chumvi, kwanza kwa kupima namna mawimbi ya mitetemo iliyofanywa kwa baruti yanavyosafiri na kurudi. Mbinu hiyo imeendelezwa hadi leo kwa msaada wa kompyuta, ingawa milima mikali ya mawe ya chokaa bado hutatiza upokeaji wa mawimbi hayo.

Michirizi ya mafuta nayo ni ushahidi wenye ncha mbili. Inathibitisha kwamba mwamba mzazi upo na umeiva. Wakati huohuo inathibitisha kwamba kifuniko kinavuja mahali fulani. Huko Baba Gurgur, karibu na Kirkuk nchini Iraq, gesi inayovuja imewaka moto kwa vizazi vingi. Kisima kilipochimbwa hapo mwezi Oktoba 1927, mafuta yalifoka kwa zaidi ya mapipa 90,000 kwa siku na kuchukua siku kadhaa kudhibitiwa. Hapo uvujaji ulikuwa mdogo na hazina ikasalia. Kwingineko katika safu hiyohiyo, ni mabaki tu ya lami yaliyosalia mahali mafuta yalipokuwa.

Fars, milima ya juu na Kurdistan: uwezekano wa leo

Tofauti za mahali na mahali ndani ya safu hii moja zinathibitisha kwamba mkunjo pekee hautoshi.

Katika mkoa wa Fars, kusini-mashariki mwa Dezful, mikunjo ni mingi na mizuri, lakini kinachopatikana zaidi ni gesi. Mwamba mzazi wa huko ni wa kale mno, wa zaidi ya miaka milioni 400, nao umezikwa kwa kina kirefu ukaiva kupita kiwango cha mafuta. Hifadhi yake ni mawe ya chokaa na dolomaiti ya Dalan na Kangan, na kifuniko ni tabaka la Dashtak. Tena katika Fars, chumvi ya Hormuz imepanda kama nguzo na kuvitoboa baadhi ya vilele vya mikunjo hadi juu ya ardhi, ambako hutiririka mabondeni mithili ya barafu. Mtego uliotobolewa hivyo huweza kupoteza gesi yake.

Katika milima ya juu kaskazini-mashariki mwa safu, miinuko ilikuwa mikubwa na mmomonyoko ukawa mkali hata ukakwangua vifuniko na kuzianika hifadhi juani. Hapo mikunjo ni mikubwa kabisa, na mitupu kabisa. Kinyume chake, shamba la Azadegan, lililotangazwa mwaka 1999, limo chini ya uwanda ulio magharibi mwa Ahvaz, mahali pasipo na mlima wowote. Mwinuko wa miamba upo, ila umezikwa chini ya udongo wa mito. Mlima ulioonekana haukuwa na mafuta, na mafuta hayakuonyeshwa na mlima.

Kurdistan ya Iraq inatoa funzo jingine. Baada ya mwaka 2003 kampuni nyingi ziliingia huko, zikivutwa na mikunjo ambayo ilikuwa haijachimbwa. Mafanikio yalikuwepo: shamba la Tawke liligunduliwa mwaka 2006 na Shaikan mwaka 2009. Lakini katika shamba la Taq Taq, makadirio ya akiba yalipunguzwa sana katika miaka ya 2016 na 2017, baada ya maji kupanda na kuingia katika visima. Sababu yake ni zilezile nyufa zilizosifiwa katika Asmari. Nyufa hutoa mafuta kwa haraka, lakini pia huyapitisha maji kwa haraka, na humfanya mpimaji adhani kwamba mwamba una mafuta mengi kuliko uliyo nayo.

Je, Zagros bado ina uwezekano? Wanajiolojia wengi wanaamini hivyo, ila mikunjo mikubwa na ya wazi imekwisha kuchimbwa. Kilichobaki ni hifadhi za kina zaidi, mitego iliyofichwa chini ya miamba iliyosukumwa ikapanda juu ya mingine, na mitego isiyotokana na mikunjo bali na mabadiliko ya mwamba wenyewe. Malengo haya ni ya gharama kubwa, na baadhi yake yana gesi yenye sumu ya salfa. Uwezekano upo, lakini si ule wa mwaka 1908.

Lugha ya uwezekano

Mjadala huu una uhusiano gani na msomi wa Kiswahili nchini Kenya? Uhusiano wa kwanza ni wa ardhi yenyewe. Bahari ya Shamu, inayolitenga bamba la Arabuni na Afrika, hukutana katika eneo la Afar na mpasuko unaoshuka kusini hadi kwetu kama Bonde la Ufa. Upande mmoja ardhi imebanwa ikajikunja, upande wa pili imevutwa ikapasuka. Mafuta ya Turkana, yaliyotangazwa na Rais Mwai Kibaki mwezi Machi 2012 baada ya kisima cha Ngamia-1 kuchimbwa, hayamo ndani ya mkunjo wa Zagros wala wa aina yake. Yamo katika bonde la Lokichar Kusini, ambako mwamba mzazi ni matope ya ziwa la kale, hifadhi ni mchanga ulioletwa na mito, na mitego imetokana na mipasuko ya ufa. Hata hivyo, masharti ni yaleyale matano, na kuzidishwa kwake ni kulekule.

Uhusiano wa pili ni wa lugha. Tuichunguze sentensi "Mafuta yamepatikana." Katika vinywa vya watu sentensi hii hubeba angalau maana tatu. Ya kwanza ni kwamba dalili za mafuta zimeonekana kisimani. Ya pili ni kwamba kiasi fulani kimepimwa chini ya ardhi. Ya tatu ni kwamba kuna kiasi kinachoweza kuchimbwa na kuuzwa kwa faida. Chiah Surkh ilitimiza maana ya kwanza, ikashindwa ya tatu. Taq Taq ilitimiza zote tatu, kisha kiasi chake kikapunguzwa. Wataalamu hutenganisha maana hizo kwa istilahi madhubuti. Tukisema "rasilimali" kwa kilichomo ardhini, na "akiba" kwa sehemu yake inayoweza kutolewa kwa faida kwa teknolojia na bei za wakati huo, tutakuwa tumetenganisha ahadi na mali. Mkulima yeyote anaijua tofauti kati ya mahindi yaliyo shambani na mahindi yaliyo ghalani.

Tofauti hii ina uzito katika maisha ya watu. Shehena ya kwanza ya majaribio ya mafuta ya Turkana iliondoka bandari ya Mombasa mwezi Agosti 2019, zaidi ya miaka saba baada ya tangazo la 2012. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 imetenga asilimia 20 ya mgao wa serikali kwa kaunti husika na asilimia 5 kwa jamii ya eneo hilo. Ili jamii hiyo idai haki yake, sharti ifahamu ni asilimia ya nini: ya rasilimali iliyotangazwa, ya mafuta yaliyochimbwa, au ya kinachosalia baada ya gharama kuondolewa.

Uajemi ulilipia somo hilo kwa gharama kubwa. Asilimia 16 ya faida ilionekana kuwa nono mwaka 1901. Miaka iliyofuata ilijaa ubishi kuhusu faida hiyo ilihesabiwaje na nani alikagua vitabu. Mkataba ulifutwa mwaka 1932, mwingine ukatiwa sahihi mwaka 1933, na mwaka 1951 sekta yote ikataifishwa chini ya Waziri Mkuu Mohammad Mosaddegh, aliyepinduliwa mwezi Agosti 1953 kwa msaada wa Marekani na Uingereza. Makhan wa Bakhtiari, waliomiliki ardhi ya Masjed Soleyman, walikuwa wameahidiwa asilimia 3 mwaka 1905, tena kwa kazi ya kuwalinda wachimbaji.

Hitimisho

Makala hii imeeleza kwamba Zagros ni jamvi la mashapo lililosukumwa juu ya sakafu ya chumvi, na kwamba utajiri wa Dezful ulitokana na kukutana kwa mwamba mzazi ulioiva, hifadhi yenye nyufa, kifuniko cha chumvi, mtego wa mkunjo na wakati muafaka. Imeonyesha pia kwamba pale sharti moja lilipokosekana, kama katika milima ya juu, mkunjo ulibaki kuwa mlima tu.

Istilahi zilizotumika humu, yaani mwamba mzazi, kuiva, hifadhi, kifuniko, mtego na akiba, zinaeleweka na mtu aliyekulia jikoni, shambani na baharini. Ni dhahiri basi kwamba kikwazo si upungufu wa Kiswahili. Kikwazo ni kwamba ripoti za miamba bado huandikwa kwa lugha nyingine, kisha jamii huletewa tangazo la mstari mmoja. Jukumu la vyama vya wanafunzi wa Kiswahili, kwa hivyo, haliishii katika ushairi na riwaya. Wapo wanaojiolojia katika vyuo vyetu, na wapo wanaisimu katika idara zetu. Wakiketi pamoja na kuafikiana kuhusu istilahi hizi kabla ya mkataba ujao kutiwa sahihi, mzee wa Lokichar ataweza kuuliza swali ambalo mchungaji wa Zagros hakupewa nafasi ya kuliuliza mwaka 1901: kati ya masharti matano, ni mangapi mliyoyathibitisha?